Kufutana Chumvi

Mtu aliyekutana na Chausiku binti Mwinjuma kwa mara ya kwanza hakuuona uso wake. Aliiona mikono. Viganja vyake vilikuwa vigumu na vyeupe kama nyayo za mtu asiyejua viatu, ngozi yake imepasuka na kushikana tena kwa miaka mingi, na alipokupa mkono ulidhani umeshika gome la mnazi. Sufuria aliitoa jikoni bila kitambaa. Kaa la moto likiruka mkekani, alilirudisha kwa vidole huku akiendelea na mazungumzo. Majirani wa Mtoni walimtania kwamba siku ya kufa kwake mtoa roho atapata tabu, maana mikononi hamna pa kupitia. Yeye alicheka, akasema mikono hiyo ameichuma baharini, na asiyeweza kuichuma asiitamani.

Kazi yake ilikuwa kutanda uduvi, na kutanda ni kazi ya watu wawili. Maji yakipwa siku za bamvua, yanapokwenda mbali kupita kawaida, wanawake huingia kwenye mkono wa bahari nyuma ya mikoko mpaka maji yawafike kiunoni. Wawili hukamata kitambaa kirefu kinachoitwa tandilo, kila mmoja upande wake, ncha ya juu mkono mmoja na ya chini mkono wa pili. Hutembea pamoja wakikisukuma mbele yao, kisha mmoja hutoa neno na wote hukiinua kwa mara moja. Maji humwagika, uduvi hubaki wakirukaruka kama chuya kwenye ungo. Aliye peke yake, hata awe fundi namna gani, atarudi nyumbani na kitambaa kilichorowa tu.

Ujanani Chausiku alitanda na dada yake, Lulu. Mama yao aliwaachia desturi ambayo wanawake wengine wa pale hawakuwa nayo. Kazi ikiisha, kabla ya kutoka majini, walikamua pembe ya tandilo na kila mmoja akamfuta mwenzake uso. Waliita kufutana chumvi. Mama alisema watu wawili walioshika kitambaa kimoja hawakosi kukwazana, huyu amevuta mno, yule amelegeza, na kinyongo cha majini hakifai kupandishwa nchi kavu. Anayefutwa alifumba macho na kumkabidhi mwenzake uso, kama mtoto anayeoshwa.

Lulu alipofariki, tandilo lilitundikwa ukutani karibu mwaka mzima. Halafu Mbwana, mume wa Chausiku, ambaye alikuwa kuli kwenye mabohari ya Kurasini, akaoa mke wa pili. Jina lake Talha, msichana wa Mbagala, mwenye mdomo mwepesi na vidole laini. Chausiku hakulia wala hakugomba. Baada ya siku nyingi, asubuhi moja ya bamvua alilishusha tandilo, akasimama mlangoni kwa mke mwenzake na kumwambia, "Mume tunagawana kwa zamu. Hii haina zamu. Njoo ushike upande wa pili."

Basi wakashika. Majini walisemezana maneno machache: vuta, legeza, shusha, inua. Nchi kavu hayakuzidi hayo kwa wingi. Tandilo lenyewe lilikuwa kanga mbili kuukuu zilizoshonwa pamoja, na maandishi yake yote yalikuwa yameliwa na jua na chumvi isipokuwa neno moja pembeni: wivu.

"Hata nguo yako inanisema, bi mkubwa," Talha alisema siku ya kwanza alipoliona.

"Ilianza kusema kabla hujazaliwa. Usijipe ukubwa."

Miaka ikapita hivyo. Kila kazi ilipoisha Chausiku alikamua pembe ya tandilo, akajifuta uso mwenyewe, akapanda juu. Talha hakujua kwamba kuna kitu ananyimwa.

Wakati huo nchi ilikuwa imefunguliwa milango. Vitu ambavyo zamani vilisemwa kwa kunong'ona sasa vilipangwa barabarani: sabuni za rangi, redio za kaseti, na pale Tandika marobota ya mitumba yaliyomwagwa chini kama mavuno. Wageni nao waliongezeka hata ufukweni. Mmoja wao alikuwa kijana aitwaye Kamugisha, mtu wa Bukoba, aliyemaliza chuo kikuu karibuni na kupewa kazi ya kuchunguza viumbe wadogo wa mkono ule wa bahari. Alikuja na ndoo, vyandarua vidogo vya mpini na chupa za kioo, suruali imekunjwa magotini, akaomba ruhusa kwa adabu kuchota maji karibu na wanawake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unatafuta nini humo?"

"Wadudu wa majini, mama."

"Wa nchi kavu wamekwisha?" Talha akadakia. "Na ukizama, mwalimu, tupeleke habari kwa nani huko kwenu?"

Kamugisha alicheka, na tangu siku hiyo jina likawa mwalimu. Alipenda kueleza. Ungemuuliza saa, angekueleza na jua.

Mchana mmoja wanawake wakiwa wamepumzika chini ya mikoko, aliweka chupa ya kioo juu ya ndoo iliyofudikizwa, akawaita. Ndani ya maji kulikuwa na kitu kama kifungo cha shati kilichotengenezwa kwa ute wa yai. Ukikitazama moja kwa moja hukioni. Ukitazama pembeni unaona kinafumba na kufumbua.

"Konyeza," Chausiku akasema. "Mtoto wa konyeza."

"Hapana mama, huyu ni mtu mzima wa aina yake. Hakui zaidi ya hapo. Sasa tazameni anavyokula."

Alichovya kijiti katika maji ya bluu ya kufulia, akadondosha tone moja karibu na yule mnyama. Bluu ikatanda kama moshi. Konyeza alipofumba, pete ndogo ya bluu ilitoka chini yake ikaenda zake, kama pete za moshi anazopuliza mvutaji wa kiko. Alipofumbua, bluu iliyokuwa pembeni iligeuka taratibu, ikapinda ukingoni, ikaingia chini ya mwavuli wake, ikipita katikati ya nyuzi nyembamba zilizoning'inia. Tena akafumba, tena akafumbua. Maji yote ya karibu yakawa yanamwendea, naye yuko palepale.

"Uduvi ana vinywele," Kamugisha akasema. "Kwa vinywele hivyo anasikia maji. Ukimjia kwa nguvu, yale maji unayoyasukuma yanamfikia kabla yako, naye anaruka. Konyeza hamwendei. Anayaita maji, tena polepole kiasi kwamba uduvi hasikii kitu. Maji yanakuja, uduvi yumo, anapita kwenye nyuzi. Kila uzi una miiba isiyoonekana kwa macho. Imekwisha."

Chausiku aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Hakuna aliyewahi kumwonyesha maji yakitembea. Alikuwa ameishi ndani yake tangu utotoni na hakuwahi kuyaona.

"Kumbe naye anatanda," akasema.

"Na hana mke mwenza wa kumshikia upande wa pili," Talha akajibu.

Wanawake wakacheka, na Chausiku, kabla hajajizuia, akacheka pia.

Usiku ule alilala na lile tone la bluu machoni. Kanga ni nguo nzito, nyuzi zake zimebanana. Ukiisukuma majini inakwenda kama ubao: maji hayapiti ndani yake, yanatangulia mbele na kumwagikia pembeni, na uduvi wenye akili wanatangulia nayo. Miaka yote hiyo walikuwa wakiwapigia uduvi hodi. Kesho yake alimngoja Kamugisha akamuuliza, na kijana akafurahi mno hata akachora mchangani. Ndiyo mama, alisema, kitambaa chenye matundu madogo mno, kinachopitisha maji, kingewakuta uduvi hawana habari.

Chausiku akaenda Tandika. Katika robota la mapazia alipambanua hili na lile, akapata pazia refu jeupe la nyavu, limefumwa maua, jepesi kama pumzi. Aliliinua juani akalipima kwa macho, akalinunua, akalishona pindo kwa uzi wa nailoni. Kanga za wivu akazikunja na kuzisukumia chini ya kitanda.

"Leo tunatanda na nguo ya bibi harusi," Talha alisema walipofika majini.

Mwezi ule maji yalikuwa ya vuguvugu na mazito. Kamugisha alikuwa amefurahi siku kadhaa mfululizo kwa sababu kila alipochota, wale konyeza wadogo walijaa chupani. Wanawake hawakuwaona, wala hawakuwa na sababu ya kuwatafuta. Konyeza waliyemwogopa ni yule mkubwa, mwenye nyuzi ndefu, anayeonekana kwa mbali. Kuwashwa miguu na mapaja siku za maji ya vuguvugu walikuzoea. Bibi zao waliita mwasho wa maji, wakiamini kwamba maji yenyewe hupata ukali kama maziwa yanavyopata uchachu. Mtu alijikuna, akapaka mafuta ya nazi, yakaisha.

Pazia lilifanya maajabu. Halikuwa na uzito wowote mbele yao. Maji yalipita ndani yake kama upepo unavyopita dirishani. Walipoinua mara ya kwanza uduvi walikuwa wamejaa hata kitambaa kikanepa katikati. Talha alipiga kigelegele. Wakashusha, wakatembea, wakainua tena. Hawakuhitaji hata kuambizana. Mmoja alipopunguza mwendo mwingine alikwisha punguza. Chausiku alikanyaga shimo, maji yakamfika kidevuni, na Talha hakuachia upande wake. Aliuzungusha mkononi, akavuta, akamtoa.

"Usinifie huku, dada," akasema akihema. "Nitatanda na nani?"

Tangu aolewe alikuwa akimwita bi mkubwa, na katika kinywa chake neno hilo lilikuwa na ukali wake. Siku hiyo alisema dada. Hakukusudia, na pengine hakusikia. Chausiku alisikia.

Walipomimina kikapu cha mwisho, jua lilikuwa kali na maji yameanza kurudi. Talha alikuwa amesimama mbele yake, nywele zimetoka kwenye kilemba, chumvi imemkauka mashavuni. Chausiku aliikusanya pembe ya pazia, akaikamua kwa ile mikono yake ambayo haikuwa imesikia kitu chochote tangu asubuhi. Moyo ulimwenda mbio kama wa mtu anayetaka kukopa.

"Njoo tufutane chumvi," akasema.

"Tufanye nini?"

Akamfuta. Alianza kipajini, akashuka machoni. Talha hakufumba, kwani hakujua kwamba anayefutwa hufumba. Alikuwa anamtazama mke mwenzake kwa mshangao, macho yote mawili wazi.

Kelele aliyotoa iliwafikia wanaotengeneza mashua ng'ambo.

Baadaye Chausiku alilirudia jambo hili kichwani mpaka likachakaa. Kanga isingefanya vile. Kanga ilipokwenda na maji mbele yake, konyeza walikwenda na yale maji, wakamwagikia pembeni. Pazia liliyapitisha maji, konyeza wakabaki, nyuzi zao zikanasa kwenye maua ya nyavu, na mikono miwili minene ikazikamua na kuzipeleka kwenye jicho la mtu. Lakini wakati ule hakujua. Alidhani ni mchanga. Alimkokota Talha hadi ukingoni, akachukua kidumu cha maji ya kunywa akammiminia machoni, akasugua, akamimina tena. Kila alipomimina Talha alipiga kelele zaidi, naye kila aliposikia kelele alimimina zaidi. Kamugisha alipofika mbio kutoka upande wa pili na kuona ngozi ya uso wa Talha imeinuka mistari myekundu, alisimama ameshika kichwa.

"Siyo maji ya kunywa, mama," alisema. "Ya bahari. Ya bahari yangekuwa afadhali. Ya kunywa huenda yanaichokoza ile miiba iliyobaki."

Kidumu kilikuwa kimekwisha.

Hospitalini daktari aliyachungulia macho kwa kurunzi yake, akasema kile kioo cha mbele cha jicho kimeungua, yote mawili, la kulia zaidi. Muuguzi mmoja, Demetria, mwanamke mpole wa maneno, alimfunga bandeji kuzunguka kichwa. Dawa ya matone haikuwepo dirishani. Mbwana alitoka na kikaratasi akazunguka maduka ya dawa ya mjini mpaka akaipata Kariakoo. Je, ataona? Daktari alisema macho mengine ya namna hiyo hupona kabisa, mengine hubaki na ukungu, na bandeji ikifunguliwa watajua. Wangoje.

Kungoja kulikuwa kazi ambayo Chausiku hakufundishwa. Mama yake Talha, Bi Wahiba, alihamia pale na godoro lake na kukaa chumbani kwa bintiye. Chausiku alipopika uji, Bi Wahiba aliupokea mlangoni kwa heshima zote, akasema ahsante, akaumwaga uani kwa bata. Chausiku alipofua shuka za mgonjwa, zilifuliwa tena. Alipopita ukumbini mazungumzo yalikatika. Nje, kwenye foleni ya bomba, hakuna aliyemtania tena kuhusu mikono yake, na hapo ndipo alipojua kwamba wanamdhania alikusudia.

Mbwana aliporudi kutoka kazini alikaa kwenye kiti cha uani bila kuvua viatu.

"Hebu niambie, Chausiku."

"Nimekwambia."

"Niambie tena."

Akamwambia tena. Mbwana alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kama mtu anayekubali, na kesho yake akauliza upya. Usiku hakuingia chumba cha mke yeyote. Alitandika mkeka ukumbini, katikati ya milango miwili.

Siku moja jioni Kamugisha alikuja kusaidia. Alivaa shati lililopigwa pasi na kubeba ile chupa yake ya kioo, akaomba kuzungumza na wazee wa nyumba. Bi Wahiba alitoka, akaketi kwenye kigoda, mtandio umefungwa barabara. Mbwana aliketi, Chausiku alisimama karibu na jiko. Kijana alieleza yote, tone la bluu, vinywele vya uduvi, matundu ya pazia, nyuzi zinazouma hata zikikauka, kwa mpangilio mzuri kama anayejibu mtihani. Kisha alizamisha mkono chupani, akamgusisha konyeza upande wa ndani wa kiwiko chake, penye ngozi laini. Baada ya muda mfupi mistari myekundu iliinuka, wote wakaiona.

"Viganja vya mama Chausiku ni vinene," alisema, uso umemkunjamana kwa maumivu. "Miiba haikupenya. Hakusikia kitu. Hakuwa na njia ya kujua."

Bi Wahiba aliutazama ule mkono kwa muda.

"Mwanangu, pole," akasema. "Sasa nikuulize mie nisiyesoma. Huyu mdudu ulimwonyesha bibi huyu kabla ya mwanangu kuumia, au baada?"

"Kabla."

"Na ulimweleza kwamba nyuzi zake zina miiba?"

Kamugisha alifungua kinywa. "Nilimweleza. Lakini sikumwambia kwamba zikikatika zinabaki na ukali. Sikufikiri."

"Na hilo pazia lenye matundu, nani alimpa wazo?"

Kijana alimtazama Chausiku.

"Basi," Bi Wahiba akasema, bila kupandisha sauti. "Ahsante kwa kuja. Umenisaidia sana."

Chausiku aliona mambo yanavyomwendea. Hakuna aliyemsukuma, yalikuja polepole, kila neno jema likiinama ukingoni na kugeuka upande wake. Alitoka mbio uani, akalichomoa pazia kwenye kamba ya kuanikia, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

"Mwalimu, ulisema nyuzi zinauma hata zikikauka. Umesema au hukusema?"

"Nimesema mama, lakini..."

Hakumngoja. Alilikamua pazia mbele ya macho ya wote, akajifuta uso, akajifuta macho akiwa ameyafumbua, akasugua mpaka maua ya nyavu yakamchora mashavuni. Alisimama akingoja uchungu. Aliutaka kama mtu wa safari anavyotaka maji. Ungekuja, wangeona, wangeamini.

Haukuja. Uso wake ulikuwa umelowa tu. Hapo akakumbuka kwamba siku ile ile, baada ya kutoka hospitalini, kwa mazoea ya miaka yote, alikuwa amelifua pazia kwa sabuni, akalisuuza na kulisuuza tena kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

"Haliumi," Bi Wahiba akasema taratibu. "Basi siku ile mlitia nini?"

Kamugisha alianza kueleza habari ya sabuni. Mbwana aliinua mkono kumwomba aache.

Mlango wa chumba cha Talha ulikuwa wazi muda wote, na pazia lake la mlangoni halizuii sauti.

Magharibi ya siku iliyofuata, Bi Wahiba alipotandika msala wake uani, sauti iliita kutoka chumbani. "Bi mkubwa. Najua upo hapo. Unaburuta ndara."

Chausiku aliingia, akasimama mlangoni. Talha alikuwa amekaa kitandani, bandeji nyeupe imezunguka kichwa, mikono imelala mapajani. Chini ya bandeji ngozi ilikuwa inabambuka.

"Kaa. Mama akisali huwa harefushi."

Akakaa chini, sakafuni.

"Siku ile ulisema neno. Tufutane nini?"

"Chumvi."

"Ndiyo nini hiyo?"

Chausiku alimweleza. Alimweleza habari za mama yake na za Lulu, habari za kinyongo cha majini, na namna anayefutwa anavyofumba macho. Nje Bi Wahiba alikuwa amesujudu.

"Miaka yote hii tumetanda wote," Talha akasema. "Mbona hukunifuta hata siku moja?"

Swali hilo Mbwana hakuwahi kuliuliza, wala Bi Wahiba, wala mwalimu. Chausiku alitafuta jibu la kusema na kila alilolipata lilikuwa la kweli na halifai kusemwa.

"Ungenifuta mara moja tu kabla," Talha akasema, "ningejua kufumba."

Chausiku aliitazama mikono yake. Ilikuwa imelala sakafuni, na baridi ya saruji hakuisikia.

"Unaamini kwamba nilikusudia?" akauliza.

"Mie sijui. Nikikusikiliza naamini hivi, nikimsikiliza mama naamini vile. Kiza kimenifanya masikio matupu, kila mtu anamimina lake." Akageuza uso, akakosea kidogo upande aliopo Chausiku. "Jumatatu wananifungua. Nimemwambia Mbwana, sitaki yeye awe mbele yangu wala mama. Uwe wewe. Nikiona, nataka uso wa kwanza uwe wako, nikuone kabla hujajipanga."

"Na usipoona?"

"Basi nitasikia unavyopumua."

Bi Wahiba alitoa salamu ya kulia, kisha ya kushoto. Chausiku aliinuka.

Jumatatu walitoka mapema. Bi Wahiba alimshika bintiye mkono mmoja, Mbwana mwingine, na Chausiku alitembea nyuma amebeba birika la chai ambalo hakuna aliyeliomba. Barabara ya Kilwa ilikuwa imejaa malori yanayoelekea bandarini. Kamugisha walimkuta langoni amekuja peke yake, bandeji ndogo kiwikoni. Aliamkia wote, akakaa mwisho wa benchi, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu hakueleza chochote.

Jina la Talha liliitwa. Daktari aliwaruhusu wawili tu wa kumsindikiza, na Talha akasema, "Bi mkubwa, na mama."

Chumba kilikuwa na dirisha moja, na Demetria akavuta kipande cha kitambaa kulifunika ili mwanga usimshitue mgonjwa. Alimketisha Talha kwenye kiti cha mbao. Bi Wahiba alisimama nyuma yake, mikono mabegani mwa bintiye, midomo ikitembea kwa dua. Chausiku akaambiwa asimame mbele, karibu, magoti yake yakigusana na ya Talha.

"Uko hapo?" Talha akauliza.

"Niko."

"Usicheke, usilie. Kaa tu."

Usiku kucha Chausiku alikuwa amewaza auwekeje uso wake. Akitabasamu, ataonekana amefurahia kitu. Akilia, ni kilio cha mwenye hatia. Akikaza uso, ndio ule ule aliomwonyesha miaka yote. Sasa hakubakiwa na nafasi ya kuchagua. Aliona tu kwamba mashavu yanamtetemeka na hana njia ya kuyazuia, kama vile mtu aliye majini hawezi kuyaambia maji yasiende yanakokwenda.

Demetria alitafuta ncha ya bandeji nyuma ya kichwa, akaifungua plasta. Akaanza kuizungusha, duru baada ya duru, na kila duru ilipotoka kitambaa kilikuwa chembamba zaidi, mpaka yakabaki mabonge mawili ya pamba juu ya macho. Bonge la kushoto lilikuwa limegandamana. Alichovya pamba nyingine kwenye maji ya dawa, akalilainisha.

"Yafumbe kwanza, mdogo wangu," alisema. "Usiyafungue mpaka nikwambie."

"Nimeyafumba," Talha akajibu. "Nimekwisha jifunza."

Demetria aliliinua bonge la kwanza, kisha la pili. Kope zilikuwa nyekundu, zimeshikana kwa tongo, zimetulia. Talha alinyoosha mkono hewani mbele yake, akapapasa, akakikuta kiganja cha Chausiku akakishika. Chausiku hakusikia vidole. Alijua tu kwa kuona kwamba ameshikwa.

"Haya," Demetria akasema. "Polepole."

Chausiku alishusha uso wake mpaka ukawa sawa na wa Talha, akazitazama zile kope.